Spika Mbili na Sauti ya Subilaga

1

Kidege cha mizigo kiliteremsha makasha mawili uani saa tatu asubuhi. Kabla hakijapaa tena, Mwalimu Ambakisye alikwisha kutoka nje na kisu cha kukatia kamba.

"Baba, hayo ni ya kazi," Tusekile alimwambia kutoka dirishani. "Lazima nipige picha kwanza kabla hayajafunguliwa."

"Basi piga upesi. Nina miaka sabini na minne, sina muda wa kusubiri picha."

Mwaka ulikuwa 2054, na Tusekile Mwasomola alikuwa mpima spika. Watengenezaji walimpelekea seti zao za spika za kompyuta za nyumbani, akakaa nazo wiki mbili, akazilinganisha mbili mbili, kisha akaandika hukumu yake katika jarida lililosomwa kuanzia Tukuyu alikoishi hadi ng'ambo ya ziwa. Hakuwa na msaidizi. Alikuwa na baba yake, aliyefundisha kwaya miaka thelathini na minane na bado aliweza kusikia mtu wa safu ya nyuma akivuta pumzi mahali pasipostahili.

Mwalimu ndiye pia aliyekuwa msomaji wake wa kwanza. Hakuna makala iliyotoka bila kupita mikononi mwake. Siku moja Tusekile aliandika kwamba spika fulani ina sauti yenye joto, baba yake akampigia mstari mwekundu: "Spika ikiwa na joto, mwanangu, ichomoe kwenye umeme."

Kasha la kwanza lilikuwa la Mizani: spika nne za mbao ya mninga na boksi la besi zito kama gunia la viazi. Ndani yake hamkuwa na akili yoyote. Ilitoa kilichomo kwenye faili, basi. Kasha la pili lilikuwa la Zumari, spika mbili nyembamba, ndefu kama mkono, kila moja na jicho dogo jeusi kichwani. Kwa jicho hilo ilimtazama msikilizaji amekaa wapi na anapumuaje, ikamwelekezea sauti yeye peke yake.

Lakini Zumari ilikuwa na jambo kubwa zaidi ya hilo, nalo ndilo lililofanya watu waisubiri mwaka mzima. Iliitwa ujalizi. Kila nyumba ilikuwa na rekodi za zamani zilizochukuliwa kwa simu: harusi, mazishi, mtoto akianza kutamka. Zilikuwa nyembamba, zimejaa upepo na makelele. Zumari ilisikiliza rekodi, ikakisia kilichopotea, ikakijaliza papo hapo. Sauti ya mtu aliyefariki zamani ikatoka imenona, kana kwamba yuko sebuleni na kikombe cha chai mkononi.

Walianza na Mizani. Tusekile aliweka wimbo wa kwaya ya zamani, na wote wawili wakasikia mtu akikohoa, benchi likilia, na soprano mmoja akiingia mapema.

"Hii inasema kweli kama wifi asiyekupenda," Mwalimu alisema.

Kisha wakaweka wimbo ule ule kwenye Zumari. Mwalimu akafumba macho. Besi za wanaume zilipanda kutoka sakafuni, soprano wakatulia mahali pao, na ule wimbo ukaijaza nyumba hadi jikoni. Ulipokwisha hakufumbua macho mara moja.

"Tuse," alisema polepole, "weka ile ya mama yako."

2

Tusekile hakuwa na kumbukumbu ya mama yake. Subilaga alikufa kwa homa ya ghafla mwezi Aprili 2019, mtoto ana mwaka mmoja. Alichokuwa nacho ni picha chache na rekodi moja.

Kisa cha rekodi ile alikijua, kwa kuwa baba yake hakuwahi kumficha. Subilaga ndiye aliyeimba beti za mtu mmoja katika kwaya aliyoifundisha mumewe. Mwaka ule, wakijiandaa kwa tamasha la Pasaka, sauti yake ilianza kukwaruza kwenye noti za juu. Mwalimu, kijana mwenye kiburi cha kazi, akasimamisha mazoezi mbele ya watu arobaini, akamnyang'anya mkewe ubeti wake, akampa mwanamke mwingine. Hakumshauri kwanza. Hakumwita pembeni. Wiki tatu nzima Subilaga alimpikia, akamfulia, na hakumsemesha.

Kisha ikaja siku ya mazoezi ya mwisho. Mwalimu aliweka simu yake juu ya kinanda, akarekodi. Mwishoni, watu wakitawanyika, Subilaga anasikika akisogea na kusema, "Mwalimu." Hapo mvua ikaangukia bati la ukumbi, na maneno yaliyofuata yakamezwa. Siku kumi na moja baadaye akawa amezikwa.

"Naukumbuka uso wake ulivyokuwa," Mwalimu alizoea kusema. "Midomo inacheza. Alichosema sikumbuki. Huzuni ilikuja ikafuta kila kitu."

Tusekile aliisikia rekodi ile mara nyingi, kwenye spika duni na nzuri. Mvua ilikuwa mvua tu. Sasa akaifungua kwenye Zumari, akasimama nyuma ya kiti cha baba yake.

Kwaya iliimba. Viti vikaburutwa. "Mwalimu," Subilaga akaita, karibu mno hata Tusekile akashika mgongo wa kiti. Mvua ikaanza, lakini safari hii ikasogea mbali kama mtu anayejua adabu, na sauti ya mwanamke ikapita katikati yake, safi.

"Nimekusamehe, Mwalimu. Yamekwisha."

Mzee aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na Tusekile akapiga magoti, akamkumbatia. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

3

Tangu siku ile Mwalimu Ambakisye akawa mtu mwingine. Alikula ndizi sahani mbili. Alienda makaburini na jembe, akapalilia mwenyewe kaburi la mkewe, na alipoambiwa atafute mtu wa kumsaidia akajibu kwamba hiyo ni kazi ya mume. Aliwaita wazee watatu waliobaki wa kwaya yake, wakaimba sebuleni wakikosea na kucheka.

"Jumapili nitasimama kanisani," alimwambia binti yake. "Walioniona nikimwaibisha mama yako, wengine wapo bado. Nitawaambia alinisamehe, na kwamba nina ushahidi."

"Vizuri, Baba," Tusekile alisema, na alimaanisha.

Siku ya saba, mzee akiwa amekwenda ukumbini kukagua kinanda, Tusekile alikaa peke yake kupima. Alihitaji faili yenye kelele nyingi, akachagua ile. Alikuwa akitazama mistari ya kipimo kwenye kioo cha kompyuta, wala hakuwa akisikiliza kwa moyo.

"Mwalimu," Subilaga akaita. Mvua ikasogea. Kisha: "Mleteni Tusekile. Mleteni mwanangu nimshike."

Akaacha kutazama mistari.

Alirudisha nyuma, akacheza tena. Maneno yale yale. Akatafuta kitambaa cha jikoni, akafunika macho yote mawili ya Zumari, akacheza mara ya tatu. Sauti ya mama yake ikasema, bila uchangamfu, "Mvua hii haitaisha leo."

Alichomoa waya, akaifungua faili yenyewe, akaikata vipande vidogo kama mtu anayechambua mchele. Mahali pale hapakuwa na chembe ya sauti ya Subilaga. Bati lilikuwa limeifunika yote. Chochote alichosema mwanamke yule kilikuwa hakimo.

Tusekile alilia kidogo, na alijionea aibu kwa alichokililia. Alitamani kuondoa kile kitambaa, asikie jina lake mara moja zaidi.

Kisha akampigia simu Nakiete Mbwambo, mhandisi aliyeusanifu ujalizi wa Zumari. Sura yake ilitokea ukutani: mama wa makamo, miwani imepandishwa juu ya kilemba.

"Maneno yanabadilika kwa kumwangalia msikilizaji," Tusekile alimwambia. "Mliniambia jicho ni la kuelekeza sauti."

Nakiete alivua miwani. "Ni la kuelekeza sauti, dada. Sikukudanganya. Lakini pakiwa na shimo kubwa, mashine hupata makisio mengi yanayolingana. Lazima ichague moja. Tulijaribu kuichagulia kwa bahati nasibu, watu wakatoka kwenye majaribio wamefadhaika. Ndipo tukairuhusu itazame pumzi ya mtu. Neno linapoanza, pumzi yake ikitulia, inaendelea nalo. Isipotulia, inageuka kwenda kisio jingine. Yote ndani ya nusu ya kufumba na kufumbua."

"Kwa hiyo inamwambia mtu anachotaka."

"Tuliona ni huruma." Nakiete alifuta miwani kwa pindo la kilemba. "Umeigundua kwa rekodi ya nani?"

Tusekile akamweleza.

Mhandisi aliiweka miwani mezani. "Baba yangu alifariki tumenuniana," alisema. "Sikiliza, dada Tusekile. Makala yako iandike kama ilivyo, nami nitakwenda kuwapigia kelele wakubwa wangu. Lakini mzee wako mwache. Seti hiyo ibaki kwake, nitaandika imeharibika njiani. Jarida ana haja gani nalo?"

"Hujui nyumba yangu," Tusekile alisema. "Yeye ndiye anayelisoma kwanza."

4

Siku mbili aliandika na kufuta. Aliandika makala iliyosifu mbao ya mninga na kuruka ujalizi, akaona ni uongo. Aliandika nyingine, ya kweli, akaificha. Alifikiria maelfu ya watu watakaofungua harusi na misiba yao mbele ya macho yale meusi, wakazipeleka kwa ndugu kama ushahidi: mjomba aliahidi hivi, bibi alisema vile. Halafu akamsikia baba yake akipiga mluzi bafuni, na mawazo yote yakasambaratika.

"Makala iko wapi?" mzee aliuliza Ijumaa. "Kalamu yangu nyekundu inakauka."

"Bado, Baba. Kuna vipimo vinanisumbua."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwake tangu utotoni.

Jumamosi mchana alimkuta akipiga pasi joho lake la zamani la kwaya. Alilitandaza kwa uangalifu, akinyoosha kola kwa kidole. Kesho yake angesimama mbele ya watu na kuyarudia maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Tusekile akaona kwamba akikawia saa moja zaidi hataweza tena.

"Baba, zima pasi. Kaa kidogo."

Alimwambia yote. Hakuzunguka. Alimwambia alichosikia yeye, na kilichosemwa mashine ilipofunikwa macho. Mzee alimsikiliza mikono ikiwa magotini, na uso wake, ambao kwa siku tisa ulikuwa umenyooka, ukaanza kukunjamana tena taratibu.

"Ungenyamaza," alisema hatimaye.

"Nilijaribu."

"Hukujaribu vya kutosha!" Sauti yake ilipaa. "Miaka thelathini na mitano nimelala na swali lile, Tusekile. Siku tisa tu nimelala na jibu. Siku tisa! Nani aliyekuomba kipimo?"

"Ungesimama kanisani, Baba. Ungemtolea mama ushahidi ambao hakuutoa."

"Yeye amekufa. Ingemuuma nini?"

Mzee alichukua joho lake nusu limenyooshwa, nusu lina mikunjo, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jumapili alienda kanisani na akakaa benchi la nyuma kabisa. Hakusimama. Wenzake watatu walimtazama, akatikisa kichwa. Kurudi nyumbani alikula kimya, akaosha sahani yake mwenyewe, akapita sebuleni bila kuitazama Zumari wala binti yake. Tusekile alijua kununiwa kunavyokuwa. Ndivyo walivyokaa wazazi wake wiki tatu zile. Akaogopa.

Jumatatu asubuhi alikuwa anaifunga Zumari kwenye kasha lake, aliposikia kiti kikiburutwa nyuma yake.

"Nilimnyang'anya ubeti wake akiwa hai," Mwalimu alisema. Alikuwa amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti. "Nikampa mwingine auimbe, kwa sababu nilitaka utoke vizuri. Usiku kucha nimekuwa nikijiuliza, na hii mashine imefanya nini tofauti? Imemnyang'anya tena, imeimba badala yake. Nami nilikuwa nikishangilia." Alipangusa uso. "Weka ile nyingine. Ile ya wifi. Nataka kumsikia mwenyewe, hata kama ni mvua tupu."

5

Tusekile alipanga Mizani kwa uangalifu kuliko alivyowahi kupanga seti yoyote: spika mbili mbele, mbili ubavuni, kiti cha baba yake katikati. Boksi la besi akalizima kabisa, kwa sababu lilibeba ngurumo ya bati. Hakuongeza chochote. Alipunguza tu.

Wakasikiliza. Kwaya ikaimba na makosa yake. Viti vikaburutwa. "Mwalimu," Subilaga akaita, mbali kidogo, sauti imekwaruza kweli, kama ilivyokuwa mwaka ule. Mvua ikaanguka, ikamfunika.

Tusekile alinyoosha mkono azime.

"Acha!" Mwalimu alisema. "Acha iende."

Mvua iliendelea. Kwa miaka yote ile walikuwa wakimtafuta Subilaga pale mbele, na mvua ilipomfunika walizima. Sasa, upande wa kushoto, ndani kabisa ya mvua, palikuwa na sauti nyingine. Ilikuwa ya mwanamume, iko karibu zaidi na simu, chini ya kelele lakini imo.

"Rudisha," mzee alinong'ona. "Hiyo besi naijua. Hiyo ni mimi."

Alirudisha mara nne. Mwalimu alifumba macho, akainua mkono kama anayeongoza waimbaji, na mara ya tano akaitamka pamoja na ile sauti ya ujana wake, neno kwa neno:

"Mwavuli upo. Nipe mtoto, nitambeba mimi."

Kisha, wazi kuliko yote kwa kuwa alikuwa amesogezwa karibu na kinanda, mtoto mdogo alipiga chafya.

Tusekile alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikuwemo. Miaka yote ile alikuwa akiisikiliza rekodi ya watu wawili, kumbe walikuwa watatu.

"Alinijibu," mzee alisema. "Hapana. Mimi nilimjibu yeye. Maana yake aliniuliza. Wiki tatu hakunisemesha, na siku ile aliniuliza tutarudije na mtoto kwenye mvua." Alicheka, na machozi yakamtoka akicheka. "Habari ya mwavuli! Nami nimezeeka nikitafuta hotuba."

"Si msamaha, Baba," Tusekile alisema kwa upole. Hakutaka yeye naye amjalizie.

"Sijasema ni msamaha. Nimesema aliniuliza."

Makala ilitoka wiki ile. Mwalimu aliisoma na kalamu yake, akasahihisha mkato hapa na pale, na mwishoni akataka sentensi moja iongezwe: kwamba mzee mmoja alifurahi kwa siku tisa, na hilo nalo ni kweli, wapimaji wasilidharau. Nakiete alisoma, akatuma ujumbe wa neno moja, asante, na miezi miwili baadaye Zumari mpya zilikuja na taa ya njano inayowaka kila mashine inaposema la kwake.

Lakini kabla ya hayo, Jumatatu ile ile mchana, mzee alivaa viatu vya matope akasema wanatoka. Walitembea mpaka ukumbini, wakageuka, wakaanza kurudi nyumbani kwa njia ya zamani inayopita kando ya mashamba ya chai. Kulikuwa na jua na udongo ulikuwa mkavu. Mwalimu alikwenda polepole, akitazama chini kama mtu aliyeangusha funguo.

Kwenye kona, mahali njia inapoteremka kuelekea kijitoni, alisimama.

"Hapa paliteleza," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa. "Nilikuwa nimekubeba wewe kwa mkono mmoja, mwavuli kwa mwingine, sikuweza kumpa mkono. Akalishika koti langu. Hapa nyuma ya kiwiko. Sikuwa nalikumbuka hili, Tuse. Limekuja sasa hivi."

"Akaliachia wapi?"

Mzee alifikiri kwa muda mrefu, akijitahidi asitie neno lisilokuwepo.

"Mlangoni," alisema. "Hakuliachia mpaka mlangoni."

Tusekile alipita upande wa nyuma yake, akalishika koti lake hapo juu ya kiwiko, na wakateremka.